Tundu kwenye Kioo cha Mama Berthe

Papa Floribert alikuja na kiti chake mwenyewe. Alikitua kando ya barabara, nyuma yangu, akasukuma mfuko wa vyombo vyake chini ya kiti, akakaa kama mtu aliyewahi mazishini ili apate nafasi ya mbele.

"Endelea, Osée," alisema. "Minye siko hapa."

Alikuwa hapo, na nusu ya mtaa wa Kikula ilijua sababu. Yeye ni fundi wa vioo. Kioo kikitoboka, yeye hukitoa na kutia kipya. Ndiyo kazi yake tangu kabla sijazaliwa. Mimi naziba matundu. Jumapili nilikwenda kwake kumwambia kwamba namtaka Laure, binti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuziba kioo ni uongo wa vijana wenye sindano.

"Berthe iko na vitre yenye tundu, ile kioo kubwa ya duka yake. Uizibe, nione. Ikipasuka mu mikono yako, usikanyage tena parcelle yangu."

Nilimjibu kwamba nitaiziba mchana, mbele ya kila mtu. Hakuna aliyeniomba niseme hivyo.

Mama Berthe hukodisha nguo za harusi. Gurudumu la lori la madini lilirusha jiwe, nalo likatoboa kioo chake kikubwa, kile ambacho nguo nyeupe husimama nyuma yake. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi, ila nyufa mbili fupi zilitoka kando yake kama sharubu za mende. Kioo cha ukubwa ule ni mpaka kitoke Lubumbashi, na mabibi harusi hawangoji. Ndiyo maana alinikubalia. Laure anashona kwake, kwa hiyo ni yeye aliyesimama ndani, upande wa pili wa kioo, ameshika kitambaa cheusi.

Kitambaa kilikuwa na kazi yake. Dawa ninayotumia ni laini kama mafuta. Naisukuma kwa sirinji ndani ya tundu, nayo hupenya polepole kivulini mpaka ncha ya ufa: mwili wangu unakinga jua kwa nje, kitambaa kwa ndani. Kisha nasogea, kitambaa kinaondolewa, jua linaigandisha, basi, ufa hauendi tena popote. Shida ni kabla ya hapo. Kabla ya hapo ufa unaweza kukimbia, na ukikimbia, hakuna sirinji itakayoukamata.

Jimmy, kijana wa pikipiki, aliinama akasoma maneno niliyoandika kwenye sanduku langu la kazi. Aliyasoma kwa sauti ya padri:

"Tundu dogo si msiba, usilie mama yangu,
Kioo nitakiziba, kwa hii mikono yangu."

Watu wakacheka. "Osée, na vitre ikikufa, utaiimbia matanga?" Jimmy akaongeza.

"Nitakuimbia weye kwanza," nilisema bila kugeuka.

Nilisafisha tundu kwa ncha ya sindano. Nikabandika sirinji na kibanio chake juu ya tundu, nikakishikilia kwa mkono wa kushoto, nikaanza kusukuma. Dawa ikaingia. Ufa wa chini ukajaa, ukapotea machoni. Nikaanza kutabasamu.

Tik.

Sauti ndogo, kama ukucha unaokatwa. Ufa wa juu ulikuwa umerefuka kwa kidole kizima.

Laure aliuona kabla yangu. Midomo yake ilisema jina langu, sauti haikupita. Nyuma yangu kiti kililia kidogo, Papa Floribert ameegemea mbele.

"Nilisema nini?" aliuliza taratibu.

Sikuwa nimesukuma kwa nguvu. Ufa ungekuwa wa kosa langu, ungeenda popote. Huu ulipanda moja kwa moja, ukielekea kona ya juu kama umeitwa. Niliufuata kwa macho, na huko juu, kati ya kioo na ubao wa dirisha, nikaona kabari ya mti, imekazwa mno, imevimba kwa mvua. Ilikuwa inakibana kioo kwenye kona. Jiwe lilitoboa tu. Kabari ndiyo iliyokuwa ikivuta ufa.

Na aliyekitia kioo kile alikuwa Papa Floribert.

Maneno yalinijaa mdomoni, yamepangika yenyewe, makali. Ni kabari yako, mzee. Watu wote wangesikia. Jimmy angeyabeba kwa pikipiki mpaka mwisho wa mji. Ningeshinda pale pale barabarani, na Laure angebaki nyuma ya kioo, akimtazama baba yake akichekwa.

Chini ya barabara honi ikalia. Malori yalikuwa yanatoka machimboni Kamatanda, na hayaji moja moja. Ardhi ilianza kutetemeka chini ya viatu vyangu. Sikuweza kuachia sirinji.

"Papa," nilisema, chini kabisa. "Nikusumbue kidogo. Kona ya juu. Mikono yangu haifiki."

Nilisikia kiti. Nilisikia mfuko ukifunguliwa, au labda ukifungwa. Lori la kwanza lilikuwa limeshakata kona. Kisha akaja akasimama karibu nami, akatazama juu, na uso wake ukabadilika. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ule tuliokuwa nao.

Akapanda juu ya sanduku langu, juu ya shairi langu, na viatu vyake miguuni. Akaingiza patasi, akaigonga kwa kiganja. Kabari ikang'oka. Malori yakapita, moja nyuma ya jingine, na kioo kikaimba mikononi mwangu mpaka meno yangu yakauma. Ufa haukusogea. Nikasukuma dawa, ikapanda, ikafika kwenye ncha.

"Sasa," nilimwambia Laure. Akaangusha kitambaa, nami nikasogea kando. Jua likaingia.

"Papa Floribert, unamusaidia tena?" Jimmy alipaza sauti. "Ile ilikuwa nini kule juu?"

"Mvua," nilijibu mimi. "Ubao umevimba."

Mzee alishuka, kabari bado mkononi. Alinitazama, kisha akamtazama Jimmy.

"Mvua inafanya ubao ivimbe," alisema. "Kukaza hii kabari, niliikaza minye."

Hakuna aliyecheka. Alingoja nami mpaka dawa ikakauka, nikaikwangua kwa wembe, halafu akapitisha ukucha juu ya mahali pale. Ukucha haukukwama. Lilibaki doa dogo, la kuonekana na anayelitafuta tu.

Akabeba kiti chake.

"Dimanche, nyuma ya misa, ukuje na bakubwa wako, tuongee juu ya Laure," alisema. "Na ile mashairi, uiache kwenu."

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa na vina. Nyuma ya kioo Laure alitikisa kichwa mara moja. Nikainama, nikaanza kufuta nyayo za mzee kwenye sanduku.