Mlango Uliojua Wakweli

Mjomba alilipiga teke jiwe lililoshikilia mlango, mlango ukajifunga. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Sasa tutajuana," alimwambia afisa wa benki. "Weka kiganja hapo."

Mjomba wangu hutengeneza programu za kompyuta za maduka, na ni nzuri, ndiyo maana benki ilimtuma afisa aje kuzinunua. Lakini yeye hawapendi watu wa benki. Huwaita kupe, kisha hujisahihisha: kupe angalau hushiba akadondoka. Anachopenda ni elimu ambayo, kwa maneno yake, vyuo vimeificha. Alisoma mahali kwamba uongo hutoka kiganjani kama mvuke usioonekana. Akaweka kioo kidogo ukutani, akakiandikia programu, akakiunganisha na kitasa. Mkweli akigusa, mlango hufunguka. Mwongo hubaki alipo. Funguo alizitupa. "Ufunguo ni akili ya benki," alisema. Madirisha yana nondo, na kuta alizifunika kwa bati jembamba ili benki isisikie mawazo yake, kwa hiyo humo ndani simu haishiki.

Mimi ndiye mfagiaji wake. Siku ile nilikuwa na kitambaa cha deki mkononi, na saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Saa nane kamili jirani yangu huenda zamu kiwandani, na mwanangu wa miezi mitano alikuwa kwake. Alishaniambia, "Mdogo wangu, nikichelewa tena nafukuzwa. Usipofika, namlaza kitandani kwako, nafunga, naenda."

Afisa aliweka kiganja. Taa nyekundu.

"Nilijua!" Mjomba akapiga makofi.

"Mzee, nimekuja na mkataba, sijaja kwa mganga." Afisa alilegeza tai, akajaribu tena. Nyekundu. "Haya, fungua wewe, mkweli."

Mjomba akaweka wake kwa madaha. Nyekundu. Akakifuta kioo, akarudia. Nyekundu. Feni alikuwa ameizima, maana upepo huvuruga mvuke, na chumba kilikuwa kama tanuri. Jasho lilimtiririka hadi viwikoni.

"Heee!" alisema afisa. "Kumbe tuko kupe wawili."

Mjomba hakucheka. Aliketi akautazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine.

Mimi nilijua. Siku niliyomdanganya Mjomba kwamba paka ndiye aliyevunja kikombe, mlango ulinifungukia bila neno. Siku nyingine sikuwa na kosa lolote, ila mikono ilikuwa imetoka kwenye ndoo, ukanikatalia. Kile kioo kilikuwa kinasoma maji tu. Sikusema. Aliyekupa kazi humwambii kuwa alichobuni hakifai kitu, na mimi hata kusalimia wageni hunishinda.

Ikafika saa nane kasoro robo. Maziwa yalinijaa, yakaniuma, yakalowesha kifua cha gauni. Afisa aliona, akageuza uso. Niliwaza chumba changu kimefungwa kwa nje, na mtoto analia humo peke yake.

Nikatoa nepi kavu kwenye mfuko wangu, bado ina poda. Nikajifutia mkono nayo nyuma ya mgongo, nikasogea, nikagusa kioo.

Kijani.

Afisa alitoka mbio, hata mkataba akauacha mezani. Nilitaka kumfuata, Mjomba akanishika bega. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mtoto wa dada yangu," alisema. "Kumbe ulikuwa hapa siku zote, nami nakupigisha deki."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini zilibaki dakika chache, na maneno yangu hutoka polepole. "Ahsante, Mjomba," nikasema, nikakimbia. Nilimkuta jirani mlangoni kwangu, mtoto begani, ufunguo mkononi.

Kesho yake nilikwenda na mtoto mgongoni, nisimcheleweshe jirani tena, nikamkuta Mjomba ananingoja nje ya ofisi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alikuwa ameweka kioo cha pili nje ya mlango na kuiandika upya programu: mlango usikubali mkono mwingine wowote, hata wake, ila wangu. Nikaufungua. Ndani, kando ya kioo cha kwanza, alikuwa ameweka kiti na godoro dogo.

"Mtoto utakuja naye kila siku. Usihangaike na jirani tena," alisema. "Utakaa hapa asubuhi hadi jioni. Anayeingia na anayetoka, wewe ndiye utakayemwamua. Benki haitatugusa."

Mlango ukajifunga nyuma yetu.

"Mjomba," nilisema, "mkono wangu si msafi. Ni mkavu tu. Jana niliufuta kwa nepi."

"Unaona?" Alicheka kwa furaha. "Mwongo angejisifu."

Nikachovya mkono kwenye ndoo, nikagusa kioo mbele yake. Nyekundu.

"Umeona, Mjomba?"

"Nimeona. Umeanza kuogopa kazi kubwa, na woga nao ni uongo. Utazoea, mama."

Akazima feni, akarudi kwenye kompyuta yake. Jasho likaanza kunitoka viganjani. Mtoto akalia mgongoni, naye amelowa. Nikapekua mfuko. Nepi kavu ilikuwa imebaki moja.