Kokoto Katika Ndoo ya Monsinyori

Aliyemwaga kokoto ndani ya tundu la Monsinyori hakuwa mtoto wala mwehu. Alikuwa Buhendwa, mkuu wa mtaa, mtu mzima na ndevu zake.

Monsinyori alikuwa kinyonga wa pembe tatu, aliyeokotwa kwenye mibuni ya Kalengera. Mama Murhula, mjane wa upande wa Bukavu, alimpa jina hilo kwa ajili ya mwendo wake, ule wa askofu katika maandamano ya sikukuu. Watoto wake walishaoa na kuolewa, wakahama. Wa kunywa naye chai asubuhi alibaki huyo mwenye macho ya kuzunguka. Majirani walimwogopa kuliko nyoka. Shauri yao.

Goma, kila nyumba inayojiheshimu humwaga kokoto nyeusi za volkano uani ili tope lisiingie ndani. Kwa mazoea hayo hayo, Mama Murhula alikuwa amefunika udongo wa ndoo iliyokuwa ndani ya tundu, ulimoota mti wa kinyonga wake. Nusura amuue. Kinyonga hurusha ulimi. Panzi akiwa chini, ulimi hurudi na panzi pamoja na kokoto. Monsinyori alikohoa, akasusa chakula, tumbo likawa gumu. Alipopona, mama alizitoa zote, akawa anatafuta kitu kingine, maana hata udongo mtupu humezwa.

Jumamosi ya Salongo, siku ya usafi wa lazima, watu wote wakiwa barabarani na majembe, Buhendwa akaja kukagua usafi.

“Citoyenne, hii budongo iko wazi! Ni buchafu. Lazima bufunikwe!”

“Muzee, huyu nyama anameza vyenye viko chini. Kokoto itamuua.”

“Afe basi. Ni nyama ya bulozi.”

Akachota kokoto za uani kwa koleo, akamimina mpaka mti ukainama. Monsinyori akageuka mweusi kwa hofu. Watu wa barabarani wakacheka.

“Nikikuta tena budongo wazi, nitamutupa ku barabara.”

Damu ilimchemka Mama Murhula. Kudharauliwa nyumbani kwake alishazoea, lakini kuua kiumbe ili ndoo ipendeze macho? Usafi gani huo? Alikomba kokoto zote akazitia kwenye karai, akajitwisha, akashika njia ya kwa Buhendwa. Wenye majembe wakamfuata, nani angekubali kukosa?

Mbele ya nyumba ya mkuu wa mtaa, bustani ya maua haikuwa na kokoto hata moja. Udongo wake ulifunikwa kwa mawe ya ziwani, laini, kila moja kama ngumi. Mama Murhula aliyatazama akaelewa papo hapo: kinyonga hawezi kuyameza, na maji yatapita katikati. Akatua karai, akatandika kikwembe chake cha kujifunga, akaanza kuyaokota. Angeyasugua kwa maji moto akifika nyumbani.

Buhendwa akaja mbio. “Weye mama, unaiba?”

“Naiba nini, muzee? Ulisema budongo bufunikwe. Leo ni Salongo, niko nafunika.”

Amri ilikuwa ya Buhendwa mwenyewe, na mtaa mzima uliisikia. Sasa walicheka tena, ila hawakumcheka mama.

Alifunga kikwembe chake kizito kwa mawe, akainua karai, akalimwaga lote juu ya udongo ulioachwa wazi.

“Kokoto yako hii, muzee. Maua haina ulimi.”