Skrubu ya Pampu ya Baba

Mume wangu Otukei hutengeneza pikipiki pale Burumba, na chuma kikimgomea huwa anakisemesha. Jumamosi ile, nyumbani kwetu nje ya Malaba, alifanya kazi kimya. Mama yangu alikuwa jikoni, hatua sita kutoka alipochuchumaa, na kwetu sisi Iteso mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani wala hawazungumzi. Ukuta wa udongo uliwatenga. Maneno yalipitia kwangu.

Pampu ya maji ilikuwa imelala siku nne, na jua la Januari halikuwa na mchezo. Upande wa chini wa jikoni, kando ya kijito, nyanya za Mama zilikuwa zimeanza kutoa maua huku majani yakijikunja. Alizipanda baada ya kumzika Baba, asikae bure. Kwa ndoo aliweza kunywesha mistari miwili tu kati ya kumi na minane. Kaka yangu Etyang alikuwa amejaribu kuiponya pampu kwa kisu cha jikoni na koleo, akaitafuna kichwa ile skrubu ndogo ya shaba inayoipimia injini petroli, kisha akarudi zake kazini Eldoret.

Skrubu ilikwama. Baba aliipaka rangi ya kucha shingoni, mtu yeyote asiichezee, na juu ya rangi kulikuwa na ukoko wa miaka.

"Mwambie mama," Otukei akaniambia kwa sauti ya chini, "hii ikikatika, kabureta nzima imekufa. Na spea za pampu hii hazipatikani tena."

"Nimesikia," Mama akasema kutoka jikoni. "Mwambie asiikate."

"Anasema usiikate."

"Nimesikia."

Otukei alimwaga petroli yote, akaifungua kabureta, akailaza kwenye bakuli la dizeli. Kisha akachukua bisbisi kuukuu, akainoa kwa tupa hadi ncha yake ikaenea sawasawa katika ule mfereji uliotafunwa. Nusu saa ikapita.

"Mwambie huyo fundi wako," Mama akasema, "kama anangoja chuma kimwonee huruma, atazeekea hapo uani kwangu."

"Mwambie mama tukiharakisha tutaizika."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu tumzike Baba. Otukei akainamisha kichwa. Kule jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria.

"Mwambie," Mama akasema hatimaye, polepole, "tumeshazika mmoja, inatosha. Muulize anahitaji nini."

Alihitaji maji yanayochemka. Mama akayachemsha, nikayabeba. Otukei akayamimina taratibu juu ya mwili wa kabureta, si juu ya skrubu, ili mwili utanuke na kuiachilia. Halafu, badala ya kufungua, akakaza kidogo sana. Akalegeza. Akakaza tena. Nilimwona akifumba macho. Kitu kikalia kama punje ya hindi ikivunjwa kwa jino, na skrubu ikazunguka.

"Mama, imetoka," nikasema.

"Najua. Nimekusikia ulivyopumua."

Otukei aliisafisha kabureta, akapuliza matundu, akarudisha kila kitu mahali pake. Sasa ilibaki kuipima, na kipimo cha Baba kilikuwa kimeharibiwa na kisu cha Etyang. Otukei akavuta kamba mara tatu. Injini ikawaka, ikikohoa.

"Baba yako hakuiacha hivyo," Mama akapaza sauti. "Miaka tisa nimepika uji nikiisikiliza. Mwambie apunguze petroli."

"Punguza," nikamwambia Otukei. Akazungusha.

"Amepitiliza," Mama akasema.

"Umepitiliza," nikasema, lakini alikuwa ameshazungusha tena. Injini ikazimika.

Mara ya pili ilikuwa vilevile. Nilipiga kelele huku, nikapiga kelele kule, na kila neno nililobeba lilifika skrubu ikiwa imeshasogea. Jasho lilimtiririka Otukei puani. Akavuta kamba tena.

Safari hii Mama hakuniita. Sauti yake ilitoka katika kidirisha cha jikoni, bila haraka.

"Kidogo tena, mkwe. Kidogo. Hapo. Toa mkono."

Otukei akatoa mkono. Injini ikanguruma chini kwa chini, bila kikohozi, jinsi nilivyokuwa nikiisikia kutoka kitandani nikiwa msichana. Tukangoja. Haikubadilika. Nyuma ya ukuta nilimsikia Mama akipenga kamasi.

Otukei hakugeuka. Alikitazama kijito.

"Asante, mama," akasema. "Kumbe mzee aliipenda ikiwa na sauti hii."

"Hiyo hiyo," Mama akajibu.

Hayo nayo hayakupitia kwangu. Sikuwa na ujumbe wa kupeleka popote, basi nikavua viatu, nikauburuta mpira wa maji hadi kwenye mstari wa kwanza wa nyanya.