Ndevu za Kowalchuk Mlangoni pa Upasuaji

Mwanamume mzima, daktari wa upasuaji, eti hanyoi ndevu mpaka timu yake ya hoki itolewe mashindanoni! Noreen Halvorsen, daktari wa usingizi, alimtazama Brent Kowalchuk akibandika barakoa juu ya msitu ule, akatamani kutema mate.

Ndani alilala mgonjwa wao, Delphine, utumbo umepasuka, na mapafuni ana kifua kikuu kinachoambukiza. Mpasuaji mwingine alikuwa mbali, mjini Winnipeg, na theluji ilikuwa imefunga barabara. Bila Kowalchuk, binti wa watu hafiki jioni.

"Huingii hivyo," Noreen alisema.

"Acha hizo, bwana. Imekaza."

"Imekaza kwenye manyoya! Njoo tupime."

Alimvisha mfuko wa plastiki kichwani, akapuliza ndani dawa chungu. Barakoa ikivuja, mtu anaionja. Uso wa Kowalchuk ulikunjamana kama wa mtoto aliyelishwa shubiri.

"Sisikii kitu."

"Mwongo mkubwa! Na haya huna."

"Noreen, tumeshinda mechi sita tangu nizifuge. Nikinyoa leo tukafungwa, mashabiki wenzangu watanila nyama."

"Tumeshinda? Wewe na nani? Wewe kazi yako kochi na mabawa ya kuku! Ukiugua utawakoholea wauguzi hawa, wapeleke ugonjwa kwa watoto wao." Akamtupia mashine ya kunyolea matumbo ya wagonjwa. "Nyoa. Au nenda ukamwambie mama yake Delphine, yule pale kwenye korido, mwanawe anakufa kwa sababu ya hoki."

Kowalchuk alinyoa huku akinuna. Kikatokea kidevu kidogo, cheupe, cha kusikitisha. Walipima tena, barakoa ikakaza kweli.

Noreen aliingia na msaidizi mmoja tu, akamlaza Delphine usingizi na kumwekea mpira wa kupumulia. Mashine zilipokwisha kusafisha hewa ya chumba, wengine wakaitwa. Wakati wa kumsogeza mgonjwa, kiungo cha mpira kikachomoka, makohozi yakamrukia Kowalchuk kwenye kioo cha uso, pwaa! Noreen akakirudisha haraka. Kowalchuk alikuwa amesimama kama gogo, macho yamemtoka.

"Noreen... nimekwisha?"

"Hujakwisha, barakoa imekaza. Badilisha kioo, upasue."

Akapasua. Akashona utumbo, na Delphine akapona kifo.

Kule nje mama alimkumbatia Kowalchuk akilia. "Daktari, uliingia mle bila kujali maisha yako!"

"Ndiyo kazi yetu, mama," Kowalchuk alisema, kifua mbele.

Noreen akapita zake kwenda kunawa.