Mlango Uliohamia Ofisini

Fundi seremala wa chuo alitumwa kubadilisha mlango wa chumba kimoja cha bweni, ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyani, rudi kwenu." Chumba kilikuwa cha mpwa wake, mtoto wa dada yake. Alimkuta kajifunika shuka gubigubi, hataki hata kumtazama.

Redio ya chumbani ilikuwa ikirusha sauti ya mkuu wa chuo, aliyekuwa ukumbini akiwaambia waandishi, "Huo ni utani wa vijana tu. Hapa sote ni familia moja."

Damu ilimchemka fundi. Milango yote ya chuo aliichonga yeye kwa kipimo kimoja, basi aliung'oa ule, akaubeba mgongoni hadi jengo la utawala, akautoa mlango wa ofisi ya mkuu na kuufunga huo mahali pake.

Mkuu alirudi na waandishi nyuma yake. Aliposoma, uso ulimsawijika.

"Nani kafanya ushenzi huu? Utoeni upesi!"

"Kumbe yanauma, mkuu?" fundi aliuliza, bisibisi mkononi. "Mimi ni mjomba wa binti aliyeandikiwa haya."

Kamera zilimmulika mkuu akimnyooshea fundi kidole na kumwamuru atoke. Fundi alifukuzwa kazi papo hapo. Alikusanya vifaa vyake taratibu, roho yake kwatu, akaenda kumwita mpwa wake waitazame pamoja taarifa ya habari.