Minazi Ndani ya Shamba la Mwanaamina

Mwanaamina binti Kibwana alipompa mwalimu shamba, hakuna aliyemlazimisha. Tuanze na hilo, maana baadaye walitokea watu wa kusema alijitakia. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha juzi juzi, shule ya Marui ina chumba kimoja cha udongo, na serikali imeagiza kila shule ifundishe kilimo. Ifundishe kwa kutumia nini, haikusema. Mwalimu Lucian, kijana aliyeletwa kutoka milima ya Uluguru, alikuwa na ubao na chaki basi. Jembe hana, mbegu hana, ardhi ya kuotesha hata mchicha hana.

Wazazi nao hawakutaka hata kusikia. Mwinyijuma, aliyekuwa na mdomo kuliko wote, alimwambia peupe kwamba mwanawe Maneno amepelekwa shule akae kivulini ajue kusoma. Jembe liko nyumbani, tena lina mpini mpya. Wenzake wakamwitikia. Baadhi yao wakawatoa watoto siku hiyo hiyo.

Aliyemhurumia ni Mwanaamina. Alikuwa mjane, anakaa kwenye kiwanja cha shemeji yake, na duniani alikuwa amebaki na vitu viwili: mjukuu wake Biubwa, mmoja wa wasichana wachache mle darasani, na shamba alilorithi kwa mama yake, linalopakana na shule. Shamba hilo likipotea, Biubwa hana pa kusimama. Hata hivyo akamwambia mwalimu alichukue afundishie watoto, na siku akilitaka atamwambia.

Hakusema zaidi ya hapo, na kosa lilianzia hapo. Kwa watu wa Marui, kumwazima mtu shamba maana yake apande kitu cha kuvuna na kuondoka: mtama, karanga, kunde, mihogo. Mti hapandi. Mtu akipanda mnazi kwenye shamba lako, nawe ukanyamaza mpaka masika yakapita, basi ameshaingiza mguu. Pale penye mnazi wake huna tena neno. Jambo hili hafundishwi mtu, kwa sababu hakuna asiyelijua. Nani angefikiria kumkanya mtu mzima? Ni kama kumwambia mgeni asinawie miguu ndani ya mtungi wa kunywea.

Masika yalipoanza, Mwanaamina akaenda Visiga kumuuguza dada yake Mwamini, akamwacha Biubwa kwa jirani. Huku nyuma bwana shamba wa Kibaha akapeleka miche ya minazi kwa shule zilizokuwa na pa kuipanda. Mwalimu Lucian aliipokea kwa furaha ya mtu aliyefunga akasikia adhana ya magharibi. Akawafundisha watoto kupima nafasi kwa kamba, kuchimba mashimo, kuchanganya samadi na udongo wa juu. Kila mtoto akapanda mche wake, Biubwa naye akapanda wake. Na alifundisha vizuri, tusimnyime haki yake.

Na wazazi je? Mwinyijuma yule yule alifika asubuhi akataka aonyeshwe mche wa Maneno ni upi. Alipoonyeshwa, akauzungushia fito. Kesho yake wakaja wengine na fito zao. Watoto waliotolewa wakarudishwa, na ambao hawajawahi kuiona shule wakaletwa wakiwa wameogeshwa, kila mmoja akiulizia mche. Mwalimu akaamini kwamba kilimo kimewaingia. Maskini wa Mungu.

Dada alipoweza kutembea, Mwanaamina akarudi, masika bado hayajapita. Njiani watu wakawa wanampa pole, tena pole za kuinamisha macho. Pole ya nini, na mgonjwa amepona? Wakaharakisha kupita. Alipofika ukingoni mwa shamba akaiona minazi imesimama kwa mistari, kila mmoja na ua wake mdogo wa fito, akakaa chini. Alilia pale pale, bila kujali nani anamwona.

Alikwenda kwanza kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe akakohoa, akazungumzia mvua, akauliza hali ya Visiga. Mtoto wa jumbe naye alikuwa na mche, tena mzuri. Mwanaamina akanyanyuka akaenda shule.

Mwalimu alimwamkia shikamoo, na marahaba ikachelewa kutoka.

"Mwalimu, mimi nimekukosea nini?" akamuuliza.

Yule kijana hakuelewa. Alidhani amemfanyia hisani. Si nazi zitakuja kuwa zake? Mwanaamina akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba zile fito si za kuzuia mbuzi. Kila baba amekuja kuzungushia kipande chake. Mwalimu alipolipata, uso ukamshuka. Akasema mizizi haijashika, miche inaweza kuhamishwa kila mtoto akaipande kwao. Lakini akamwambia pia bila kumficha kwamba miche ikitoka, watoto watatolewa. Mkaguzi anakuja, na akikuta darasa tupu shule itafungwa.

Mwanaamina alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja.

"Wewe ukifungiwa shule hii utapewa nyingine," akasema. "Mimi shamba jingine nitapewa na nani?"

Mwalimu akasema somo la kesho litakuwa kuhamisha miche.

Habari za namna hiyo Marui hazilali. Asubuhi akina baba wote walikuwa shambani kabla ya watoto, jumbe akiwamo, kila mmoja amesimama kwenye mche wa mwanawe. Mwinyijuma alikuwa amekunja mikono. Akasema mtoto amepanda kwa jasho lake, na anayetaka kung'oa aje aanzie hapo alipo yeye. Mwalimu akabaki katikati na jembe mkononi, hajui aanze na nani. Aliogopa, na ilionekana.

Mwanaamina akamwita mjukuu wake.

"Biubwa, ng'oa wako kwanza."

Mwalimu akasema wa Biubwa unaweza kubaki, si uko kwenye shamba la bibi yake?

"Ukibaki mmoja, itabaki yote. Ng'oa, mwanangu."

Biubwa akachimba kando kando kama alivyofundishwa, machozi yanamtoka, akautoa mche na udongo wake. Sasa nani aseme wa mwanawe ubaki, na mwenye shamba ameng'oa wa mjukuu wake? Jumbe aliona aibu. Akamwashiria mtoto wake kwa kidevu, naye akainama kuchimba. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na mwishowe Maneno, baba yake akiangalia pembeni. Akina baba kadhaa walimwambia mwalimu hapo hapo asiwatazamie watoto wao kesho. Mwalimu akawajibu kwamba amesikia, akaendelea kuwaonyesha watoto namna ya kuubeba mche usimwage udongo.

Watoto wote walikuwa na pa kuipeleka miche yao, isipokuwa Biubwa. Kiwanja walichokaa kilikuwa cha shemeji, na shamba la kwao lilikuwa hilo walilosimama. Alikuwa ameukumbatia mche, anamtazama bibi yake.

Mwanaamina akaupokea. Akarudi kwenye shimo lile lile, akapiga magoti, akaupanda kwa mikono yake mwenyewe, akaushindilia udongo kwa miguu. Kisha akasimama akawageukia akina baba, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa ameondoka. Angeita baraza asingewapata wote namna ile, walikuwa wamejileta.

"Huu nimeupanda mimi, Mwanaamina binti Kibwana, kwenye shamba la mama yangu. Mmeona?"

Jumbe akasema ameona. Waliokuwa karibu naye wakasema wameona. Mwanaamina hakuondoa macho kwa Mwinyijuma, na wala hakuwa na haraka.

"Tumeona," akasema Mwinyijuma.