Ini la Mume Wangu Mdogo

Siku ya kupimwa ini, mjukuu wangu alikatazwa kula, akatii. Maji nilimnywesha mimi, jagi zima. Ni fundi wa mageti, mrefu kama mlingoti, lakini kwangu ni mume wangu mdogo, na akipewa kitu na mkewe hupokea.

Damu yake ilikuwa imekutwa na virusi vya homa ya ini. Daktari alisema mashine ndiyo itakayotuambia: ini likiwa bado laini, dawa zitalilinda, likiwa limeanza kukakamaa, hapo kuna kazi.

Mpimaji, mama mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alimpaka jeli ya baridi chini ya mbavu.

"Bana pumzi hapo hapo. Usitikisike."

Mjukuu akakunja miguu, akatetemeka.

"Unaogopa?"

"Siogopi, mama. Mkojo!"

Mpimaji akanigeukia. "Nani kamjaza maji hivi?"

"Mimi. Si ndivyo mnavyowaambia wajawazito?"

"Bibi, tunatafuta ini, si mtoto!"

"Mtoto akionekana niambie. Mume wangu huyu ana siri."

Mjukuu akaangua kicheko, akaruka chini, akakimbilia chooni jeli ikimchuruzika hadi kwenye mkanda.

Aliporudi, nilionywa: akicheka tu, kipimo kinaharibika. Nikajiziba mdomo kwa mtandio. Loo, kunyamaza nako ni kazi! Kwenye kioo cha mashine ini likatokea, la kijivu, kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa.

"Mbona kama saruji?" nikashindwa kuvumilia.

"Rangi hiyo ni ya kawaida, bibi. Ugumu hauonekani hivyo. Mashine inalisukuma ini kidogo, halafu inapima wimbi linavyopita. Ini gumu, wimbi hukimbia."

"Na hili?"

Mpimaji akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mjukuu amebana pumzi, mimi nimebana yangu bila kuambiwa. Mwisho mpimaji akavaa miwani, akasogelea kioo.

"Wimbi linajikokota," akasema. "Ini laini kabisa. Dawa asiache, na kwenye vipimo arudi. Lakini ni laini."

Nilipiga kigelegele mle mle ndani! Mpimaji akaniambia "shii!" huku naye anacheka.

Mjukuu hakukumbuka hata shati. Akaomba aoneshwe namba. Mpimaji akamgeuzia kioo, tukainama vichwa vikagusana, mjukuu akaisoma kwa sauti. Kisha akafuta macho, akaisoma tena.